Buabua wa Nguzo ya Karibu

Nyumba ya kufulia, ufukweni
9 Novemba

Shangazi yangu,

Shuleni tulifundishwa barua ianze na "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali". Hali nakujulia kwa moyo wote, ila leo dhumuni langu ni ndege.

Hapa tunapofulia shuka za hoteli, nyuma ya ukuta kuna gati la zamani. Mbao zimeliwa zote, zimebaki nguzo zimesimama majini kama meno ya mzee. Tangu mwezi uliopita kila nguzo imepata mwenyewe. Ni ndege weupe, hawagombani, kila mmoja na yake. Wa nguzo ya karibu ukimrushia kibanio cha nguo unampata. Mguuni amevishwa kitambulisho cha njano. Pasi, mwenzangu wa meza ya kupigia pasi, ambaye mdomo wake haupoi kama chombo chake, akasema, "Huyo katoroka jela, ndiyo maana wamempa namba." Basi hapa tunamwita Mfungwa. Mimi kuona namba nikakukumbuka wewe, unayewapikia watu wa kuvisha ndege pete huko kisiwani, kwenye baridi.

Nieleze ni ndege gani na kwao ni wapi. Hapa wote tunasema shakwe, lakini hapa hata mwewe akipita juu ya maji ni shakwe. Simu yangu nikimpiga picha anatoka nukta, kwa hiyo nakuchora kwa maneno. Ni mwembamba. Mgongo ni wa kijivu, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na soksi. Mdomo mweusi, mwembamba. Kisogoni ana weusi, lakini paji lote ni jeupe, yaani ana kipara. Pasi alisema wamefanana na msimamizi, na msimamizi mwenyewe alikuwa nyuma yake anahesabu foronya. Kitambulisho kimeandikwa K na 7.

Mwanangu Kidole anampenda sana. Bado tunamwita Kidole, kila akitakacho anakionyesha tu. Nimemwekea tenga lake pembeni mwa mlango wa nyuma, kivulini, anamtazama Mfungwa mpaka tunatoka kazini. Nashukuru wananiruhusu kuja naye.

Koti limefika, asante. Huku hakuna baridi ya kulistahili, lakini baba Kidole analivaa akichomelea vyuma, cheche zinaliheshimu.

Hatujambo wote.

Sisimizi wako


Jikoni, kituo cha ndege
27 Novemba

Sisimizi,

Barua yako ililetwa na boti ya unga. Nimeisoma nimesimama, mkono mmoja kwenye mwiko, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilipokuja huku, barua zako za mwanzo zilikuwa "shangazi njoo" tu. Sasa unanichorea ndege nikamwona. Namshukuru Mungu kwa kila kalamu uliyowahi kuitafuna.

Huyo si shakwe. Shakwe ni mnene na mdomo wake ni wa kupora. Wa kwako, kwa wembamba na kukaa nguzoni, ni buabua. Na kitambulisho cha njano ni cha kwetu hapa. Lakini kuna kitu hakikai. Buabua wetu nawajua, wanazaa nyuma ya jiko langu, wananidonoa kichwani nikienda kumwaga maji. Mdomo wao ni mwekundu kama pilipili iliyoiva, ncha tu ndiyo nyeusi. Kofia yao nyeusi inashuka mpaka machoni. Kipara hakuna hata mmoja. Kwa hiyo ama umesoma namba vibaya, ama huyo ni wa ukoo mwingine. Buabua wana makabila mengi.

Ningemuuliza Mzee wa Pete, mkubwa wetu hapa, lakini amevuka kwenda kung'olewa jino na hatarudi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kisiwani nimebaki na upepo. Ndege wenyewe waliondoka zamani, nami huwa sijui wanakokwenda. Niandikie tena: mkia ukoje, miguu, mabega. Zaidi ya yote niandikie sauti. Mzee wa Pete husema rangi inadanganya, sauti haidanganyi. Yeye hufumba macho akakutajia jina la ndege.

Sasa lingine. Ndege umemwandika ukurasa mzima, mtoto mistari mitatu. Ulipokuwa mdogo ukivunja sahani ulikuwa unakuja kuniambia "hatujambo wote". Hatujambo wote, akina nani? Kidole anasema nini siku hizi?

Shangazi yako


Nyumba ya kufulia
15 Desemba

Shangazi,

Nianze na rahisi. Mkia umepasuka katikati kama wa mbayuwayu. Miguu mifupi, rangi iliyofifia, kama nyekundu iliyopitiwa na jiki. Begani, akikunja bawa, kuna mstari wa giza kama mtu amempaka masizi kwa kidole. Mdomo ni mweusi, nimemtazama mpaka akanitazama. Na ni K na 7. Nilimwita Pasi naye asome. Akasema, "K saba, na kosa lake halijaandikwa."

Sauti sina. Ndani mashine tatu zinazunguka, na nikitoka kuanika huwa ameshanyamaza. Sijawahi kumsikia hata mara moja, na Pasi ndiyo kabisa, masikio yake yamejaa mvuke. Ninachojua ni kelele za Kidole akiwa anamtazama. Anaanzia juu kabisa halafu anaishusha, kiiii-yarrr, kisha anafuatisha kik-kik-kik ya harakaharaka. Mwanzoni nilidhani tumbo linamuuma. Pasi anasema mtoto anamgombeza ndege kwa lugha yao.

Sasa sahani iliyovunjika. Shangazi, Kidole hasemi. Ana miaka mitatu imepita na hana neno, hata "mama". Ukimwita hageuki. Mwalimu wa chekechea alisimama nyuma yake akamwita, mara ya kwanza, mara ya pili, wenzake wote wakageuka, yeye anacheza na kiatu. Mwalimu si mtu mbaya, alinikalisha kwenye vile viti vya watoto akaniambia kwa upole kwamba mtoto ni kiziwi na heri nikubali mapema. Iko shule ya watoto wasiosikia, nzuri, wanafundishwa kuongea kwa mikono. Wana nafasi moja mwezi wa pili. Ni ya bweni, na ni safari ya kutwa nzima.

Sioni aibu. Kama ndivyo alivyo, mikono nitajifunza na mimi. Hata Pasi amesema atajifunza, ataanzia na matusi. Kinachonitoa usingizi ni bweni. Mtoto huyu halali mpaka ashike ncha ya sikio langu. Huko atashika sikio la nani? Baba yake anasema tusubiri kipimo cha hospitali, tumepewa Januari katikati. Anasema hivyo halafu anakwenda nje kuchomelea kitu ambacho hakijavunjika.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na kunisomesha mpaka darasa la saba, na kila barua yako imejaa furaha. Nilitaka ibaki hivyo. Nisamehe.

Sisimizi


Jikoni
3 Januari

Sisimizi,

Kaa chini. Mwite na baba Kidole, msome pamoja.

Mzee wa Pete amerudi, shavu limevimba kama andazi. Jana wakati wa chakula nilitaka kumuuliza habari ya ndege wako. Nikaona nisimweleze, nimwigizie. Nikasimama nyuma yake nikaisoma barua yako kama ulivyoiandika: kiiii-yarrr, kik-kik-kik. Akaweka kijiko chini akatazama dirishani. Akasema, "Mbona wamerudi mapema hivi?"

Hakutania, mwanangu. Alikwenda mpaka mlangoni kuwatafuta. Nilipomwambia ni mimi, akasema hiyo ni sauti ya buabua wetu hasa, ya kumfukuza mtu asiyemtaka, wala hakuna mwingine anayeishusha namna hiyo. Nikamtajia kipara na mdomo mweusi, akacheka huku ameshika shavu. Kumbe wakiondoka hapa wanavua manyoya na kuvaa mengine. Mdomo unageuka mweusi, paji linakuwa jeupe, na mstari wa masizi begani ndio alama ya nguo hiyo ya safari. K 7 ni yeye, alimvisha kwa mkono wake mwenyewe. Miaka yote nimeishi nao nikijisifu nawajua, kumbe nawajua wakiwa na nguo ya harusi tu. Ya kazini mnaiona nyie.

Basi nikaenda kuosha vyombo, na katikati ya sahani nikasimama. Sisimizi, wewe hukuisikia sauti ya ndege. Pasi hakuisikia. Mimi nimeitoa kwenye karatasi yako, na mtu aliyeishi na buabua umri wake wote akadhani ndege yuko dirishani. Sasa nani aliyekuandikisha? Mtoto kaipata wapi hiyo, kama si sikioni?

Nikaketi kwenye ndoo. Sasa nikuambie ambalo baba yako peke yake alilijua.

Unakumbuka sheria ya nyumbani kwetu, kwamba usinikalie kushoto? Mezani ulikaa kulia, njiani ulitembea kulia. Ulipouliza nilikwambia kulia kuna baraka. Baraka ilikuwa sikio. La kushoto halijasikia kitu tangu nizaliwe. Darasani waliniweka pembeni, mwalimu kushoto kwangu, nikaonekana zuzu, nikaacha. Nikaapa wewe hutaniongelea kwa kupaza sauti kama wanavyoongelewa mazuzu. Nilitaka uninong'oneze kama mtu yeyote. Na ulininong'oneza, ukanitajirisha.

Sasa fanya hivi. Ngoja mashine zizimwe. Usipige makofi, usimwite kwa mbali. Nenda upande wake wa kulia, karibu, umwite kama unavyomwita mtu unayempa siri. Ukifika hospitali mwambie daktari apime sikio moja moja. Sijui atakachokikuta. Mimi si daktari, ni mpishi. Lakini nafasi ya bweni usiiitikie kwanza.

Asante kwa kuniambia. Furaha yangu haikuvunjika, ilikuwa tu haina habari.

Shangazi yako


Nyumbani
30 Januari

Shangazi yangu,

Baba Kidole aliisoma kwa sauti, alipofika "nani aliyekuandikisha" akanipa karatasi, nikamalizia mimi.

Nikuambie ukweli, nilikasirika kidogo. Nilikaa na wewe utoto wangu wote, nikakufulia, nikakusuka, nikajua mpaka unavyokohoa, na hili ulinificha. Hasira ilidumu mpaka nilipofika mtungini kuchota maji, nikakumbuka nani aliandika "hatujambo wote". Nikajicheka.

Siku ya pili umeme ulikatika kazini. Mashine zikasimama, pakawa kimya mpaka tukasikia matone ya shuka. Nikamwambia Pasi kwa ishara anyamaze, naye akanyamaza, jambo ambalo peke yake lingestahili barua. Kidole alikuwa tengani anamtazama Mfungwa. Nikatambaa upande wake wa kulia, nikasema polepole, "Kidole."

Akageuka.

Si kwa kushtuka. Aligeuka kama mtu anayesema "naam, nilikuwa nakusubiri". Nikasema tena, akanishika mdomo kwa mkono aone hiyo sauti inatokea wapi. Pasi alijifunika shuka la hoteli usoni, na lile shuka ilibidi lirudi majini.

Hospitali daktari alikuwa msichana wa umri wangu, akasikiliza habari ya ndege mpaka mwisho bila kutazama saa. Akapima moja moja. La kushoto hakuna kitu, kama lako. La kulia linasikia, ila lilikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Alisema mtoto amekuwa akitusikia kama mtu aliyejifunika blanketi, sauti nyembamba za juu zinapenya, zetu zinabaki nje. Ametupa dawa na tarehe ya kurudi. Hakunihakikishia yote. Alisema ataongea, ila tuwe na subira, na tukae upande unaofaa. Kwa bweni alisema si mahali pake. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mwalimu wa chekechea nafasi wampe mtoto inayomfaa. Alinipa mkono, halafu palepale akahamisha kiti cha Kidole, sikio la kulia limwelekee yeye.

Sasa sikiliza. Nimejua kwa nini alimsikia ndege na mimi hakunisikia. Tenga lake nililiweka mlangoni, mashine kushoto kwake, bahari kulia. Kelele zote zilikwenda kwenye sikio lisilozitaka. Mimi je? Mimi nambeba kushoto. Nilipojiuliza kwa nini, nikakuona wewe. Nimetembea na wewe kushoto kwangu tangu nijue kutembea, mwili ukazoea kwamba nimpendaye hukaa hapo. Na mtoto ukimpakata kushoto, sikio lake la kulia linakuja kifuani. Maskini, lile moja zima nililiziba na mbavu zangu. Nilisema hasikii, kumbe alikuwa ananisikiliza moyo.

Nakushukuru. Nimetafuta neno kubwa zaidi, darasa la saba halikunipa.

Sisimizi


Jikoni
12 Mei

Sisimizi wangu,

Wamefika. Asubuhi nilikuwa na maharage motoni, Mzee wa Pete akanipungia kutoka ufukweni kama mtu anayezama. Nikakimbia na mwiko. Akanipa darubini, na pale kwenye kokoto, kofia mpaka machoni na mdomo wa pilipili, K na 7. Mfungwa wenu amevaa suti. Nilimwambia, "Umemwona mjukuu wangu?" akanijibu kiiii-yarrr na kunijia kichwani. Mtoto ameipatia, haikosi hata herufi. Maharage yaliungua, wakala bila kunung'unika.

Na hapa nimewaambia habari ya sikio langu. Nilisimama mezani nikasema tu. Mzee wa Pete akasema, "Ndiyo maana nikiomba chumvi kutoka kushoto sijawahi kuipata." Siku hizi wote wanakuja kulia. Miaka yote nilidhani ni watu wakimya.

Uliniuliza mwanzoni kwao ni wapi, sikukujibu. Nilikuwa na jibu tayari, kwao ni hapa, maana hapa ndipo wanapozaa. Nilimuuliza Mzee wa Pete nipate uhakika. Akasema huku wanakuja msimu mmoja, kulea na kuondoka mara watoto wakiota mabawa, na sehemu kubwa ya mwaka wako kwenu. Nikasema, basi kwao ni wapi? Akasema swali hilo hata yeye hulikwepa.

Nimelala nalo. Mimi nilikuja huku nifanye kazi kidogo kisha nirudi. Niandikie maneno ya Kidole.

Shangazi yako


Nyumba ya kufulia
20 Oktoba

Shangazi,

Maneno haya hapa: maji, baba, pati ambaye ni Pasi, mama, na hapana. Hapana ndiyo anayoipenda, anaitumia hata akimaanisha ndiyo. "Mama" lilikuja siku ya kawaida kabisa, nimebana vibanio mdomoni, nikashindwa kuitika. Akarudia kwa kukereka. Kidole chake bado kinaonyesha, ila sasa kinakwenda na sauti. Daktari amefurahi. Majimaji yamekauka.

Ndege walipoondoka mwezi wa nne alisimama mlangoni anaonyesha nguzo tupu. Kila siku nilimwinamia upande wa kulia nikamwambia, "Wamekwenda kwa bibi." Kwa bibi, ndiyo wewe. Sikujua kama yanaingia. Nilisema tu, kama unavyomwagilia mbegu usiyoiona.

Wiki hii nguzo zimeanza kupata wenyewe. Ya karibu ilibaki wazi, na sisi tukajifanya hatuitazami. Jana alfajiri, tunafungua mlango wa nyuma, yupo. Kofia imeanza kuchakaa mbele, mdomo umebaki na wekundu kidogo pembeni kama mtu aliyekula embe akasahau kujifuta. Msimamizi naye alitoka akamtazama, akajipapasa paji, akasema, "Karibu, ndugu yangu."

Kidole alishuka tengani. Akamtazama Mfungwa, akatazama nyuma ya Mfungwa, baharini, akatazama nguzo nyingine moja moja. Akanigeukia.

"Bibi?"

Nikasema, bibi yuko kisiwani, anapika. Akatikisa kichwa. "Hapana. Bibi wapi?" Ni maneno mawili pamoja, Shangazi, ya kwanza katika maisha yake, na ni ya kukutafuta wewe. Alidhani mmefuatana.

Mimi sikuombi chochote, umenipa vingi mno. Nakuambia tu jinsi nyumba ilivyo. Kidole siku hizi nambeba kulia, sikio lake liko nje, linakula dunia. Kushoto kwangu kuko wazi.

Sisimizi wako